Stika ya bima ilikuwa feki, sasa mahakama imenizuia kuendesha mwaka mzima

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Gungu hapa Kigoma, nina mke na watoto wawili. Kazi yangu ni udereva wa kirikuu. Gari ni la bosi, mimi napeleka hesabu kila jioni na kinachobaki ndiyo changu. Mzigo wangu mkubwa ni samaki. Nachukua migebuka na dagaa Kibirizi alfajiri boti zikishaingia, napeleka Mwandiga, siku nyingine nafika hadi Kasulu.

Sasa Mjomba, siku moja nikiwa nakaribia Mwandiga, mzee mmoja wa baiskeli alikata kulia mbele yangu bila kuangalia nyuma. Alikuwa amefunga madumu mawili ya mawese kwenye kerea. Nilikanyaga breki lakini nikamgusa gurudumu la nyuma. Yeye mwenyewe alipata mchubuko wa goti tu, ila dumu moja lilipasuka na lami yote ikawa nyekundu. Watu wakadhani ni damu, wakajaa, wengine wameshika mawe. Namshukuru yule mzee, ndiye aliyesimama akawaambia ni mawese jamani, mimi mzima. Tulielewana palepale, bosi akatuma hela ya mawese na ya rimu.

Trafiki walipofika wakaangalia stika ya bima kwenye kioo. Mmoja akaingiza namba kwenye simu yake, akaniita nione. Ile stika ni ya gari lingine kabisa, na hata hilo lingine bima yake ilishaisha. Gari letu kwenye mfumo halina bima. Nilimpigia bosi, akaapa kwamba alilipa. Kuna kijana anajiita wakala wa bima, bosi alimtumia hela kwa simu, naye akaleta stika ikiwa kwenye bahasha. Mimi ndiye niliyeibandika kwa mikono yangu.

Nikapelekwa mahakamani. Askari mmoja aliniambia nikubali kosa yaishe, nitapigwa faini na nitarudi nyumbani. Niliposomewa shitaka nikasema ni kweli gari halikuwa na bima, ila mimi sikujua. Wakasoma maelezo, nikakubali. Nilipoulizwa kama nina la kusema kabla ya adhabu nikasema nina watoto wadogo, mama yangu mgonjwa, na sijui kazi nyingine zaidi ya usukani. Hakimu akanipiga faini, halafu akasema sitashika leseni kwa miezi 12. Leseni yangu ilibaki hukohuko. Faini tumelipa kwa hela ya vikoba ya mke wangu.

Sasa kila mtu ana lake. Rafiki yangu anasema nimwone mkubwa wa trafiki nimpe kitu. Jamaa mmoja wa stationari anasema kwa laki mbili ananitolea leseni mpya na inasoma kwenye mfumo. Bosi anasema nipige safari za usiku tu za Kasulu, eti usiku trafiki wamelala, nikikataa gari anampa mwingine. Na shemeji yangu ana bodaboda, anasema kwani si wamekuzuia gari, njoo uendeshe pikipiki.

Ni wiki kama tatu sasa nimekaa nyumbani. Mjomba, leseni yangu naipataje? Na kwa nini wenzangu wakikutwa bima imeisha wanaandikiwa elfu 30 wanaondoka, mimi nimefungiwa mwaka?

Dereva wa Gungu

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, mpwa wangu. Pole, na umpe pole mama watoto, maana hela zake za vikoba zimelipa uzembe wa watu wengine.

Ya bosi na ya jamaa wa stationari nitayafikia. Naanza na rufaa kwa sababu siku zake zinakwenda huku wewe ukitafutiwa mtu wa kumpa kitu.

Leseni yako hakuifungia trafiki. Imezuiwa na hakimu kwa Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Kifungu cha 4 kinakataza mtu kutumia gari barabarani, au kusababisha au kuruhusu mwingine alitumie, bila bima ya kumlinda mtu wa tatu, hii tunayoiita bima ndogo. Ukitiwa hatiani, mbali na faini, sheria hiyo inakuondolea haki ya kushika au kupata leseni kwa miezi 12, na miezi hiyo inahesabiwa tangu siku ya kutiwa hatiani. Hakimu hakukuonea. Sheria ndiyo inayomwelekeza afanye hivyo, labda aone zipo sababu maalumu za kuamua vingine. Kwa hiyo ukimfuata RTO, yaani mkubwa wa trafiki wa mkoa, na bahasha utakuwa unamwomba mtu kitu ambacho hana. Amri ya mahakama haifutwi polisi. Atakayekuambia anaweza ataila hela yako, na siku mambo yakifumka wewe ndiye mtoa rushwa.

Sasa hizo sababu maalumu ndizo zenye kesi yako. Ulipopewa nafasi ya kusema ulitaja watoto, mama mgonjwa na kukosa kazi nyingine. Kila dereva husema hivyo, na mimi ningekuwa kizimbani ningesema hayohayo. Lakini mahakama zetu zina msimamo wa siku nyingi, uliorithiwa kutoka kwa Waingereza, kwamba sababu maalumu lazima itokane na kosa lenyewe, namna lilivyotendeka, na hali ya maisha ya aliyelitenda haiingii humo. Njaa ya nyumbani inaweza kumfanya hakimu apunguze faini, lakini zuio la leseni haliondoi. Binafsi naona msimamo huo mkali mno kwa nchi ambayo madereva wengi wanaendesha magari yasiyo yao, ila ndio uliopo na rufaa yako itapimwa nao.

Kinachohesabika ni kile ulichokipitia juujuu. Gari si lako. Bima hukukata wewe. Stika ilikuwepo kwenye kioo, ililipiwa, na bosi alitapeliwa na kishoka. Hayo yanahusu kosa lenyewe. Sikudanganyi kwamba kutojua kunakufuta hatia, maana sheria hii haiulizi kama ulijua au hukujua. Gari likiwa barabarani bila bima, kosa limekamilika. Lakini kwenye suala la zuio, dereva aliyeendesha akiwa na stika mbele ya macho yake hayuko sawa na aliyejua bima imekufa akakausha. Hakimu hakuoneshwa ushahidi wa jambo hilo hata kidogo. Aliambiwa habari za watoto.

Lipo lingine. Umesema ulijibu kwamba ni kweli halikuwa na bima, ila hukujua. Mtu aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani; anabaki na nafasi ya kupinga ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Ndivyo ilivyo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Zuio ni sehemu ya adhabu, kwa hiyo mlango huo kwako uko wazi. Hata kwenye hatia, Mahakama Kuu ilishasema katika shauri la Laurence Mpinga, mwaka 1983, kwamba aliyekiri anaweza kusikilizwa ikiwa kukiri kwake kulikuwa na utata au hakukukamilika, au alikiri kwa kukosea au kutoelewa, au shitaka halikuonesha kosa lolote, au maelezo aliyoyakubali hayakutosha kumtia hatiani. Hilo neno lako la "sikujua" lisomwe na mwanasheria. Mimi nisingeliwekea matumaini makubwa, kwa sababu niliyokwisha kukueleza. Nguvu yako ipeleke kwenye zuio.

Kesi za namna yako husikilizwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na rufaa yake huenda Mahakama Kuu. Shukuru kwamba siku hizi Mahakama Kuu ipo hapohapo Kigoma. Zamani rufaa za huko zilikuwa zinakuja kwetu Tabora, na mtu alilala kwenye treni ya reli ya kati akiwa na faili kwapani, afike aambiwe jaji yuko likizo. Utaratibu ni kwamba unatoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu, kisha unawasilisha sababu za rufaa ndani ya siku 45. Siku za kusubiri nakala ya mwenendo, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, na ya hukumu haziingizwi kwenye hizo 45.

Kwa wiki tatu ulizokaa, zile 10 zimekwisha. Usikate tamaa. Mahakama Kuu inaweza kuipokea rufaa nje ya muda ukionesha sababu ya msingi. Maombi hayo huambatana na kiapo, na ndani ya kiapo unaeleza ukweli: hukuwa na wakili, hukujua kuna taarifa ya kutoa, ulipojua ulichukua hatua gani na tarehe ngapi. Majaji huangalia sana hizo tarehe. Ukikaa mwezi mwingine ukisikiliza washauri wa kijiweni, utakuja kuulizwa mwezi huo ulikuwa wapi, na jibu hutakuwa nalo.

Ushahidi unaanzia kwa bosi. Akutolee ujumbe wa muamala wa kumlipa yule kijana, wenye tarehe, kiasi na jina lililotokea kwenye simu. Kama walikuwa wanaandikiana meseji, zisifutwe hata moja. Stika yenyewe mjue iko wapi, na kama polisi waliichukua, muulizie kama imo kwenye jalada. Kisha bosi akafungue malalamiko polisi dhidi ya huyo kishoka na apeleke taarifa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Asipofanya hivyo, maneno yenu yatabaki maneno. Najua atasita, na nitakuambia kwa nini: kifungu kilichokukamata wewe kinamgusa na yeye, kwa kuwa aliruhusu gari lake litumike bila bima. Mweleze kwa heshima kwamba kwenda kushitaki mapema akiwa aliyetapeliwa ni nafuu kuliko kuja kuitwa baadaye akiwa mshitakiwa.

Hela ya wakili usiifanye kikwazo. Tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wapo wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi bila malipo kwa mtu asiye na uwezo. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, watakuelekeza walipo. Msaidizi wa kisheria hawezi kusimama mahakamani badala yako, lakini anaweza kukusaidia kujua karatasi gani iandikwe na ipelekwe wapi, na hapo ndipo rufaa nyingi za watu wa chini zinapokufa.

Nije kwa jamaa wa stationari. Leseni zetu hutolewa TRA baada ya polisi kukutahini, na inabeba TIN yako, picha yako na alama za vidole vyako. Vidole hivyo havina pacha. Atakachokupa ni kadi ya plastiki iliyochapwa vizuri, na trafiki yuleyule aliyeingiza namba ya stika kwenye simu ataingiza na namba ya kadi hiyo. Hapo hutakuwa tena dereva aliyeponzwa na bosi. Utakuwa mtu wa nyaraka za kughushi, na kughushi kwenye Kanuni ya Adhabu kunaweza kukufikisha kifungo cha miaka 7. Isitoshe, hakuna jaji atakayekuamini kwenye habari ya stika feki ukiwa na leseni feki mfukoni.

Safari za usiku za Kasulu nazo kataa. Kuendesha ukiwa umezuiwa na mahakama ni kosa jipya. Na hebu fikiria yule mzee wa mawese angekuwa ameumia kweli, usiku, huko njiani. Hata kama gari sasa lina bima halali, mikataba ya bima humtaka dereva awe na leseni anayoruhusiwa kuitumia. Kampuni inaweza kumlipa majeruhi kisha ikamgeukia mwenye gari imdai. Mwambie bosi hivyohivyo, mguse mfuko wake. Mwambie pia kwamba huhitaji usukani ili umfanyie kazi: wewe ndiye unayejua boti gani inaleta migebuka mizuri Kibirizi na mteja gani wa Kasulu analipa bila kusumbua. Mwombe aweke dereva kwa muda, wewe usimamie mzigo na kupokea hela. Mapato yatapungua, ndiyo, ila kijiti hakitakutoka.

Shemeji yako naye amekosea. Zuio ni la kushika leseni, madaraja yote, na pikipiki ina daraja lake la leseni, A. Bodaboda, bajaji, kirikuu, lori, vyote hapana. Naona kesho utaniuliza kuhusu boti. Boti haiendi barabarani na sheria hii haiifuati ziwani, ila huko nako kuna TASAC, wanaosimamia vyombo vya majini, na masharti yao.

Kuhusu elfu 30 za wenzako: ile ni faini ya papo kwa papo kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Askari anaandika kosa, dereva anakubali, analipa kwa namba ya kumbukumbu, hakimu hamwoni. Wewe ulikuwa na ajali, na ajali hufunguliwa jalada likapelekwa mahakamani pamoja na kila kilichokutwa kwenye gari. Kuelewana kwako na mzee kulimaliza habari ya baiskeli na mawese. Kesi ya bima ilikuwa ya Jamhuri, na Jamhuri haikuwepo pale lami mlipokuwa mnaelewana.

Rufaa ikikubaliwa, chukua nakala ya amri iliyothibitishwa na mahakama, zaidi ya moja, upeleke pale leseni ilipobaki, ofisi ya RTO na TRA, ili kila mfumo usome kitu kimoja. Isipokubaliwa, fanya hivyohivyo miezi 12 ikiisha, ukiwa na karatasi inayoonesha tarehe uliyotiwa hatiani. Kabla ya siku hiyo angalia mambo mawili. La kwanza, namba ya leseni yako uiweke kwenye mfumo wa madeni ya trafiki uone kama kuna faini ya zamani uliyoisahau. La pili, tarehe ya mwisho ya leseni. Leseni sasa ni ya miaka 5, na kama yako itaisha humu ndani ya zuio, jiandae na ada ya kuihuisha, ambayo ni shilingi 70,000.

Na gari lenyewe likatiwe bima leo, hata kama wewe huliendeshi. Bosi asitafute tena mtu wa bahasha. Aende kwa kampuni au wakala aliyesajiliwa, na kabla hajaondoka pale aingize namba ya gari kwenye TIRA-MIS, mfumo wa TIRA wa kuhakiki bima, aone jina la kampuni, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Aangalie pia matumizi yaliyoandikwa. Bima ndogo ya gari binafsi, ile ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 118,000 pamoja na VAT, si ya gari linalobeba mizigo ya watu kwa malipo. Kirikuu cha samaki kikikatiwa bima ya binafsi ili kuokoa elfu kadhaa, siku ya ajali kampuni itakuwa na la kusema.

Jumatatu asubuhi nenda masjala ya mahakama iliyokuhukumu, na kitambulisho chako na namba ya kesi. Omba kwa barua nakala ya mwenendo na ya hukumu, na uombe wagonge muhuri wa tarehe kwenye nakala ya barua utakayobaki nayo. Barua hiyo yenye muhuri ndiyo itakayoonesha ulianza lini kufuatilia. Ukishaipata, siku hiyohiyo mtafute msaidizi wa kisheria na uende na bosi wako.